Fedha za Hospitali Ziwe za Kudumu

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza kwamba matibabu katika Visiwa vyetu yatatolewa bila ya malipo. Ahadi hiyo ilimfungulia mnyonge mlango wa hospitali. Hata hivyo yafaa ieleweke wazi kwamba tiba asiyoilipia mgonjwa hulipiwa na mtu mwingine. Ikiwa mlipaji huyo ni mgeni, siku atakapoondoka ndipo ahadi itakapovunjika.

Historia yetu wenyewe yatosha kutufunza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, nyumba za Unguja na Pemba zilipuliziwa dawa ya kuua mbu, na malaria ikapungua sana. Mwaka 1968 mpango ule ulisitishwa, na haikupita miaka mingi maradhi yakarudi kwa kishindo. Ilitubidi tungoje hadi miaka ya 2000 ndipo dawa mseto, vyandarua na upuliziaji mpya vilipoteremsha maambukizi hadi chini ya asilimia 1. Sehemu kubwa ya gharama hizo ilibebwa na wafadhili wa nje, Marekani ikiwa miongoni mwao. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai ya mwaka huo huo shirika lililokuwa likiigawa likafungwa. Mbu hasubiri bajeti ya mtu.

Yaliyo ya malaria ndiyo ya hospitali. Kule Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Tunashukuru kwa dhati. Lakini jengo hukabidhiwa mara moja, ilhali mishahara ya wauguzi, dawa, oksijeni, mafuta ya jenereta na vipuri vya mashine hudai fedha kila mwezi. Mashine ikilala kwa kukosa kipuri, mgonjwa wa Pemba hana budi kuvuka bahari kwenda Unguja, na jamaa zake kutafuta nauli, chakula na mahali pa kulala. Mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua hana muda wa safari hiyo.

Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ni hatua ya haki. Ulianza na watumishi wa umma, ambao mchango wao ni rahisi kukusanywa. Lakini mvuvi wa Kizimkazi, mchuma karafuu wa Wete na mwanamke wa mwani wa Paje hawana hati ya mshahara. Hao wapangiwe kuchangia kwa kadiri ya msimu na pato lao, na asiyejiweza kabisa achangiwe na Serikali. Mfuko utakaowaacha nje utakuwa umevunja ahadi ya 1964 kwa mlango wa nyuma.

Kwa ndugu zetu watendaji tunasema: fedha za tiba ni amana. Zifike hospitalini kwa wakati. Zisihamishiwe kazi nyingine, hata iwe njema vipi. Mapato na matumizi yabandikwe mahali ambapo mwananchi atayasoma, kwani hakuna atakayechangia kwa moyo mkunjufu asichokijua kinakwenda wapi. Aidha, mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo iwe kipimo chetu kila bajeti inaposomwa Barazani.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msaada tuupokee kwa shukrani, lakini uwe nyongeza juu ya jasho letu. Wananchi tuchangie, na tukishachangia tudai hesabu.