Jengo la Zahanati Pekee Halitibu

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilianza kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), uliopangwa kufikia mwaka 2017. Azma yake ilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati, kila kata kituo cha afya na kila wilaya hospitali.

Ngazi hizo hutegemeana. Mjamzito wa kijijini mwenye uchungu pingamizi hawezi kupasuliwa katika zahanati. Uhai wake na wa mtoto hutegemea muuguzi anayeitambua hatari mapema, na gari linalomfikisha penye chumba cha upasuaji. Mjini, mwenye kikohozi huipita zahanati ya jirani na kwenda hospitali kubwa, ambako foleni humchelewesha hata aliyeletwa kwa rufaa.

Chanzo mara nyingi ni kimoja: mgonjwa aliyekosa mtumishi au dawa karibu naye huwa harudi tena. Kwa hiyo bajeti ya ujenzi iambatane na ajira, nyumba za watumishi na dawa. Wananchi nao wana wawakilishi katika kamati ya usimamizi wa zahanati. Humo ndimo pa kuhoji kabati la dawa linapokuwa tupu.