Kinyago Kilichorudi kwa Jina la Zawadi

Majuzi nilikuwa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kumjulia hali dada yangu. Nilimkuta mpwa wangu barazani amezama katika kitabu cha upelelezi. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," kisha akanieleza kisa chenyewe: picha iliyochorwa na msanii maarufu iliibwa zamani huko Ulaya, na sasa mpelelezi anaufukua wizi huo baada ya miaka mingi. Akaniuliza, "Mjomba, mambo haya si ya Wazungu tu? Huku kwetu nani ahangaike kuiba kinyago?"

Nikamwambia kisa cha namna hiyo tunacho, tena kinawahusu majirani zake Wamakonde. Nanyi naomba niwasimulie.

Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam wakatoweka na kinyago cha Kimakonde, pamoja na vitu vingine 16. Tukumbuke kwamba kwa Wamakonde kinyago si pambo la ukutani. Mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa, huingia ngomani vijana wanapotoka jandoni. Anayeiba kitu kama hicho ameiba kumbukumbu ya watu.

Septemba 1985 kinyago hicho kilinunuliwa mjini Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, kwa nia njema, bila kujua kwamba ni cha wizi. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli akayaarifu makumbusho hayo asili ya mali yao. Mazungumzo yakaanza mwaka huo.

Mtasema, basi kesi imekwisha, mwenye mali achukue chake. Haikuwa hivyo. Sheria za nchi nyingi za Ulaya humlinda mtu aliyenunua bila kujua. Uswisi, kwa mfano, wakati ule ilimpa aliyeibiwa miaka 5 tu ya kumdai mnunuzi wa namna hiyo. Ni sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005 iliyoongeza muda huo hadi miaka 30 kwa mali za utamaduni.

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka ombi rasmi kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, nalo likasaidia kusuluhisha. Hatimaye, tarehe 10 Mei 2010, hati ilitiwa saini Paris, na kinyago kikakabidhiwa Tanzania. Hesabu mwenyewe: miaka 26 tangu kuibwa, miaka 20 ya mazungumzo. Na hati yenyewe ilikuwa ya zawadi!

Hapo mpwa wangu akaruka. "Mjomba, kuku wangu aibwe, kisha nirudishiwe niambiwe ni zawadi?"

Nilimwelewa. Lakini aliyerudisha siye aliyeiba, na neno hilo liliwawezesha wote wawili kumaliza shauri bila kwenda mahakamani. Ni bei tuliyolipa. Mimi naona ni afadhali kinyago kirudi kwa jina lisilotupendeza kuliko kibaki Geneva huku sisi tukibishana juu ya jina.

Fundisho kubwa liko kwingine. Katika vitabu mpelelezi hutegemea akili na bastola. Katika maisha, kitu kilichoibwa hutambuliwa kwa maandishi. Tangu mwaka 1997 upo utaratibu wa kimataifa wa kuandika sifa za kitu cha sanaa: kipigwe picha, kiandikwe ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipimo vyake, maandishi yaliyomo, na alama zinazokitofautisha na vingine, kama ufa au pahali palipozibwa. Polisi wa Paris hawezi kutafuta "kinyago cha zamani cheusi". Viko maelfu.

Tulipomaliza mazungumzo, dada akaingia ndani akatoka na kigoda cha marehemu baba yetu. Alisema mnunuzi kutoka mjini aliwahi kukitaka, naye akakataa. Mpwa wangu akakipiga picha kwa simu, pande zote na chini pia. Tukakipima kwa utepe wa fundi cherehani, na ule ufa wa mguu mmoja tukauandika katika daftari lake la shule.

Kazi hiyo haikutuchukua hata robo saa.