Kompyuta ya zamani nayo ina haki ya matunzo

KUNA watu wanaodhani kompyuta ni sawa na redio. Ukishailipia dukani mmemalizana na aliyeitengeneza, kila mtu ashike njia yake. Wanajidanganya, wapenzi wasomaji.

Kompyuta na mtengenezaji wake ni kama ndoa. Ile programu kubwa inayoiwezesha kufanya kazi, ambayo wasomi wanaiita mfumo endeshi na wengi wetu tunaijua kwa jina la Windows tu, inahitaji matunzo kila mwezi. Na kama zilivyo ndoa nyingi za mjini, siku inafika bwana anatangaza kwamba matunzo basi, keshaleta bibi mpya.

Kwa Windows 10 siku hiyo ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ilitoka Julai 2015, kampuni ya Microsoft ikaitunza miaka kumi, kisha ikasema inatosha, watu wahamie Windows 11.

Swali la leo ni moja: ni haki kumkatia matunzo mkubwa wakati bado anafanya kazi za nyumba? Mimi nasema si haki, muda uongezwe. Sababu ninazo.

Kiraka kila mwezi

Kwanza tuelewane hayo matunzo ni nini. Windows imeandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Ndani yake mna matundu, na wahuni wa mtandaoni wakiliona tundu wanapenya, wanaiba au wanaharibu. Kampuni ikiligundua inatengeneza kiraka na kukituma kwa intaneti. Tangu mwaka 2003 Microsoft wana siku yao maalumu ya viraka, Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Matunzo yakikatwa kompyuta haizimiki. Itachapa barua na kupiga muziki kama jana, ndiyo maana wengi hawashtuki. Ubaya ni kwamba matundu mapya hayazibwi tena.

Tena kuna kubwa zaidi. Windows mpya na ya zamani ni ndugu, yapo matundu ya kurithi. Kampuni ikimziba mdogo, wahuni wanakichunguza kile kiraka mpaka wanajua tundu lilikuwa wapi. Halafu hao, wanakwenda kumgongea dada mkubwa ambaye hakuzibwa!

Yaliyowakuta Waingereza

Anayeona nazusha na asikilize kisa hiki. Windows XP ilitoka mwaka 2001 na watu wakaipenda kweli kweli. Microsoft waliikatia matunzo tarehe 8 Aprili 2014.

Serikali ya Uingereza wakati huo ilikuwa na kompyuta nyingi za XP. Ikaingia mfukoni, ikatoa paundi milioni 5.5 ili itunziwe mwaka mmoja zaidi. Mwaka ulipokwisha, 2015, mkataba haukuendelea, na baadhi ya hospitali zikabaki na XP zao vile vile.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 kikazuka kirusi kilichoitwa WannaCry. Kazi yake ilikuwa kufunga mafaili ya mtu, kisha kumdai dola 300 za Marekani ili afunguliwe. Kiliingia nchi zaidi ya 150. England ilikuwa kasheshe. Hospitali za serikali zilifungiwa kompyuta, magari ya wagonjwa ya hospitali tano yakaelekezwa kwingine, na inakadiriwa miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Hebu fikiria, mtu amengoja upasuaji kwa miezi, anaambiwa rudi nyumbani kwa sababu kompyuta imetekwa.

Microsoft wakafanya nini? Wakatoa haraka kiraka cha XP, ile ile waliyoitelekeza miaka mitatu nyuma, kila mtu achukue bure. Na kiraka chenyewe hakikupikwa siku hiyo. Walikuwa nacho tayari kwa ajili ya wateja wachache waliokuwa wakilipia matunzo ya ziada. Yaani dawa ilikuwa kabatini, wasio na hela wakanyimwa ufunguo mpaka nyumba iliposhika moto.

Lakini tusimwonee mtu. Kompyuta nyingi zilizoumia siku ile hazikuwa za XP, zilikuwa za Windows 7, na kiraka chao kilitoka tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Wenyewe hawakukiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapo hakuna wa kumlaumu ila mwenye nyumba.

Kampuni nayo ina maneno yake

Microsoft wana hoja. Mafundi wa kushona viraka wanalipwa mishahara, na kila toleo la zamani linalobaki ni mzigo mwingine wa kuupima na kuutengeneza. Wanasema pia Windows 11 ina ulinzi bora. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, za kuanzia takriban mwaka 2018.

Sawa. Lakini mwenye kompyuta ya mwaka 2016 aende wapi? Yake nzima, haina hata mkwaruzo, na Windows 11 inamfungia mlango.

Na huku kwetu ndiko zilikojaa. Ofisi za Ulaya zikibadilisha kompyuta, nyingi za zamani huja kuuzwa kwetu kama mitumba, pengine kwa kupitia Dubai. Pita Kariakoo ujionee. Chukua mfano wa mama mwenye steshenari jirani na chuo. Kompyuta zake mbili ndizo zinazochapa mitihani ya shule na kujaza maombi ya mkopo ya wanafunzi. Majina, namba za simu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu vimo humo, na flashi za mtaa mzima zinaingia na kutoka. Kompyuta hizo zikishikwa na kirusi, haugui yeye peke yake.

Hapo ndipo penye uzito. Kompyuta isiyo na kiraka ni kama mtoto asiyechanjwa, ugonjwa wake hauishii kwao.

Bei ya kubagua

Kusema kweli Microsoft waliongeza muda kidogo. Watumiaji wa nyumbani walipewa nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30, au bure kwa sharti la kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye ghala la kampuni mtandaoni. Ulaya chama cha kutetea walaji, Euroconsumers, kilipiga kelele, na sharti hilo la kuhifadhi likaondolewa kwa watu wa huko. Sisi huku hatukulia, hatukubembelezwa.

Makampuni yalipangiwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Shule zikapangiwa dola 1, kisha 2, kisha 4. Kiraka ni kile kile, jamani! Kama kinaweza kuuzwa kwa dola moja, basi anayekatiwa matunzo hakatiwi kwa sababu kazi imeshindikana. Na mama wa steshenari, ambaye si shule wala si kampuni kubwa, anaingia fungu gani?

Rai yangu ni hii. Viraka vya hatari viendelee kutolewa bure maadamu vinatengenezwa kwa ajili ya wenye hela, na wa Dar apewe kama wa Paris. Sisemi milele. Tarehe ya mwisho iwepo, ila mtu aambiwe siku ya kununua.

Na wewe msomaji una sehemu yako. Acha kuzima viraka eti vinamaliza bando, na umkatae fundi anayekuwekea Windows feki. Kompyuta ikikataliwa kabisa na Windows mpya, mwulize fundi kuhusu Linux, ni bure na matoleo yake mengi hayachagui mashine. Yale mafaili ya wateja nayo yawe na nakala pembeni, kwenye diski ambayo haishindi imechomekwa.

Kwa leo kalamu naiweka hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.