Kichocho kinapungua Pemba, gharama ya kukisaka inapanda

Katika Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, kipimo cha kichocho ni kazi ya mikono na macho. Mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya minyoo yanapotoka kwa wingi. Mtaalamu hutikisa chupa, huvuta mililita 10 kwa bomba la sindano, huzisukuma kwenye kichujio, kisha hukitazama kwa hadubini akihesabu mayai yenye mwiba nchani. Ni kipimo cha bei nafuu, na kilitosha enzi zile watoto wengi walipokuwa wakikojoa damu.

Mafanikio ndiyo yaliyoleta tatizo. Dawa iligawiwa kwa wingi na konokono wakauawa, ikiwemo chini ya mradi mkubwa wa Zanzibar uliomalizika 2017, na maambukizi yakashuka. Sasa fanya hesabu ya mhasibu. Katika shehia yenye wagonjwa 30 kwa kila watu 100, kumpata mmoja kunagharimu vipimo vitatu au vinne. Akibaki mmoja tu, kumpata ni vipimo 100, na huenda mayai yake ni machache kiasi kwamba hadubini itampita. Mradi wa SchistoBreak, ulioanza 2020 kaskazini mwa kisiwa, ulikuwa ukipambana na masalia haya haya.

Hapa ndipo wauzaji wa teknolojia wanapopiga hodi. Mojawapo ni spektroskopia ya Raman inayokuzwa na uso wa metali, maarufu kama SERS. Mhindi C. V. Raman aligundua mwaka 1928 kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo mno hurudi na rangi iliyobadilika, na kila molekuli ina mabadiliko yake. Ishara hiyo ni hafifu: chembe moja ya mwanga katika milioni 10 hivi. Mwaka 1974 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliiona ikiwa na nguvu isiyotarajiwa juu ya madini ya fedha yenye uso wa kukwaruza. Leo, kwa chembechembe za dhahabu au fedha, hukuzwa mara milioni na zaidi.

Dhahabu hiyo tayari imo Pemba. Mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria ni chembechembe zake. Zikibandikwa rangi maalumu ya Raman katika kipimo cha namna hiyo cha kichocho, mashine yenye leza husoma mstari ambao jicho halijauona. Viwanda vya vipimo vya haraka vipo tayari. Kinachoongezwa ni rangi na mashine ya kusomea.

Lakini nani atanunua? Mkulima wa karafuu anajua mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na bei hutangazwa. Kipimo cha kichocho hakina mnunuzi wa namna hiyo. Mgonjwa halipi. Dawa ya prazikwanteli hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani. Maabara ilijengwa kwa msaada wa Waitaliano. Waswisi wamegharimia utafiti, na Wachina nao waliendesha mradi wao kisiwani. Kila mfadhili ana bajeti na tarehe yake ya mwisho. Juu ya hayo, soko lenyewe linajimaliza: kipimo kikifanya kazi vizuri, wateja wanapungua. Sijui mwenye kiwanda gani angeweka mtaji wake hapo.

Kwa hiyo sitarajii SERS ije Pemba kwa ajili ya kichocho. Itakuja, kama itakuja, ikiwa imelipiwa na hospitali za Ulaya na Marekani kwa ajili ya saratani au moyo, nacho kichocho kidandie. Mashine moja inayosoma vipimo vya maradhi kadhaa ina hesabu inayoeleweka. Mashine ya ugonjwa mmoja itaishia stoo.

Hata ile ya maradhi kadhaa ina masharti. Chembechembe za fedha huchakaa haraka kwenye joto na unyevu wa pwani, na chembechembe za toleo moja hazitoi ishara sawa na za toleo lijalo, jambo linalowasumbua watengenezaji wenyewe. Zabuni ikitangazwa, bei ya mashine isiwe kigezo kikubwa. Faida ya muuzaji imo kwenye vitendanishi vitakavyoagizwa kila mwezi, na hasara ya mnunuzi imo kwenye leza ikiharibika huku fundi wa karibu akiwa ng'ambo ya bahari.