Huyo Mumeo, Unamjua?

Mpenzi msomaji, wewe unayeishi Karen, hebu sema kweli: jirani yako wa ng'ambo ya ua wa michongoma anaitwa nani? Lango lake unalijua, mbwa wake unawajua, lakini jina lake huna.

Ndivyo ilivyo pia Runda, mtaa mwingine wa matajiri. Huko ndiko Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, alikokodi jumba mwaka 1998. Bomu lililoua watu 213 jijini Nairobi Agosti 7 mwaka huo liliundwa ndani ya kuta hizo.

Nimelikumbuka jumba hilo nikitazama Kurbaan, filamu ya Kihindi ya mwaka 2009 yenye Saif Ali Khan na Kareena Kapoor. Avantika, mwalimu wa chuo kikuu, anampenda Ehsaan, mwalimu mwenzake. Wanaoana, wanahamia Marekani, wanapata nyumba katika mtaa mtulivu. Jirani mmoja, mwanamke aliyejaa woga, anamwomba msaada kwa siri. Muda si muda Avantika anagundua kwamba wanaume wa mtaa huo wanapanga mauaji, na mumewe ni mmoja wao. Naye tayari ana mimba yake!

Utasema hayo ni ya sinema. Basi twende Siyu, kisiwani Pate. Baada ya 1998 Fazul huyo huyo alifika huko kwa jina jingine, akafundisha madrasa, akaposa binti wa watu, akaozwa. Kijana mpole, mwenye dini: mzazi gani angemkataa mkwe kama huyo? Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala ikalipuliwa, watu 13 wakafa pamoja na walipuaji. Fazul akatoroka. Walioachwa kujibu ni wakwe zake. Watu wa ukoo huo walishtakiwa kwa mauaji, wakasota rumande, hadi mahakama ikawaachilia mwaka 2005. Fazul mwenyewe aliuawa Mogadishu Juni 2011.

Kila mara likitokea jambo kama hili, kwenye matatu na salunini swali huwa moja: mke alikosaje kujua? Mimi naona swali hilo ni jepesi mno. Mume anayetoka usiku bila kueleza, anayeficha simu, huenda ana mwanamke mwingine, huenda ana deni. Nani kati yetu angefikiria bomu kwanza? Sehemu nzuri kabisa ya Kurbaan ni pale Avantika anapojua, kisha inambidi aandae chakula na kukaa mezani na mtu huyo kama kwamba hakusikia kitu. Kareena ameicheza vizuri kuliko nilivyomtazamia. Mapigano ya mwisho nayo ni marefu bila sababu.

Ukitaka kuitazama, ngoja watoto walale. Damu ni nyingi, na mambo ya chumbani hayakufichwa. Hata bango lake, lenye mgongo wazi wa Kareena, lilizusha maandamano Mumbai.