Mtini Katika Ua wa Nyumba

Sura ya 95 ya Kurani Tukufu imeitwa kwa jina la tini, na ndani yake Mwenyezi Mungu ameiapia tini pamoja na zeituni. Basi si ajabu kuona tini kavu zikipewa mahali pake katika nyumba za Waislamu, hasa mwezi wa Ramadhani, wala si ajabu kijana apendaye bustani, akiisha kuzila, akazitazama zile mbegu ndogo na kusema moyoni, "Mbona nisizipande?" Ni wazo jema. Lakini twapenda kumshika mkono kidogo kabla hajachimba shimo. Mbegu zaweza kuota, mti ukakua na majani mapana yakatanda uani, miaka ikapita, na huenda asile hata tini moja.

Sababu yake ni hii. Tini, ambayo sote twaiita tunda, kwa hakika ni kifuko kilichojaa maua madogo madogo kwa ndani. Katika jamii ya mitini ijulikanayo kwa jina la Smyrna, yaani mji wa Izmir huko Uturuki, maua hayo hutaka unga wa mtini dume, na mchukuzi wake ni nyigu mdogo sana apenyaye katika kitundu cha tini. Nyigu asipofika, tini hunyauka na kuanguka zingali changa. Tini kavu nyingi za Uturuki ni za jamii hiyo. Anayepanda mbegu zake hupata miche ambayo kadiri ya nusu yake ni midume, na iliyobaki aghalabu humngoja nyigu yule yule.

Hata wakulima wakubwa jambo hili liliwasumbua. Katika miaka ya 1880 huko California, Marekani, ililetwa miche ya mitini ya Smyrna kwa gharama nyingi. Miti ikastawi, lakini tini zake zikapukutika. Wakulima wa Izmir tangu zamani walikuwa wakitundika tini za mitini dume katika matawi ya mitini yao, na huko Marekani wako waliodhani kuwa hiyo ni itikadi ya watu wa mashamba tu! Ilipofika mwaka 1899, nyigu wakafanikiwa kukaa katika mashamba ya Fresno, na ndipo tini zikaiva.

Kwa bahati njema iko jamii nyingine, mtini wa kawaida, ambao huivisha tini zake pasipo nyigu wala mti dume. Jamii hii ni ya kale mno. Mwaka 2006 wataalamu walieleza habari za tini tisa zilizoungua, zilizokutwa Gilgal karibu na Yeriko, zenye umri wa miaka ipatayo 11,400. Nao wakaona ya kuwa ni za mti wa namna hiyo, ambao watu waliuzidisha kwa kupanda matawi yake.

Huyo ndiye mtini wa mwanafunzi wa bustani. Wala asidhani nyigu wa mikuyu yetu watamfaa kwa ule mwingine. Mkuyu ni ndugu wa mtini, lakini una nyigu wake. Swali la kumwuliza mwenye mti ni moja tu: je, mti huu umezaa tini zikaiva papa hapa? Akisema naam, na aombwe tawi.

Tawi liwe limekomaa, nene kama kidole, urefu wa sentimeta 20 hivi. Pingili hiyo izikwe theluthi mbili, macho yake yakielekea juu, katika mchanga uliochanganywa na udongo, nayo iwekwe kivulini. Udongo uwe na unyevu tu. Maji mengi huiozesha. Ising'olewe kila Ijumaa kutazamwa kama imetoa mizizi, kama wafanyavyo watoto. Mizizi hutaka majuma kadhaa.

Kwa wakaao pwani twaona debe lililotobolewa chini ni bora kuliko shimo. Udongo wa kichanga mara nyingi una viminyoo visivyoonekana kwa jicho, vinavyofanya vifundo katika mizizi ya mtini na kuudhoofisha. Tena mizizi yake huenda mbali, na haifai karibu na msingi wa nyumba wala karo. Debe liwekwe penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Samadi iliyooza yatosha kidogo. Ikizidi, mti huwa na majani mengi na tini chache. Wakati wa mvua, majani yakishikwa na kutu yaokotwe na kuchomwa moto.

Utomvu wake mweupe huwasha, na ngozi iliyopata utomvu huo ikipigwa na jua yaweza kuungua. Watoto waambiwe hivyo mapema, na akataye matawi aoshe mikono kwa sabuni.

Mti wa pingili waweza kuzaa katika mwaka wa pili. Hapo ndege watakuwa wa kwanza kujua, kwa hiyo tini zifunikwe kwa wavu au kitambaa chepesi. Tini iliyochumwa mbichi haiivi nyumbani kama ndizi. Ingojwe mpaka shingo yake ilegee na yenyewe ining'inie ikitazama chini, kisha ichumwe asubuhi na kuliwa siku ile ile.