Kabichi Haina Breki

Jumapili tulikuwa tunarudi Nai kutoka shags, mimi na beshte yangu, na Demio. Unajua vile shosh hukupakia ndai ni kama unahama: waru nusu gunia, malenge mbili, mtungi ya maziwa, kuku (hiyo tulikataa). Kufika Soko Mjinga jamaa bado akasema lazima abebe kabichi, juu mtaani wanatuuzia kabichi saizi ya ngumi. Tukairusha juu ya mzigo yote, tukahepa.

Hapo Kimende punda ikaamua kuvuka. Nikakanyaga breki. Ndai ikasimama, punda ikasimama, ikanicheki. Kabichi haikusimama. Ilitoka buti, ikapita katikati ya vichwa zetu, ikagonga dashibodi paap! Redio iko na ufa hadi wa leo.

Wasee hudhani kitu ikishaingia kwa ndai imetulia. Zii. Ndai ikienda 50, kila kitu ndani inaenda 50, na breki inashika tairi, haishiki kabichi. Piga hesabu: ukigonga lori usimame ghafla, kitu inakuja na hiyo spidi ni kama imeachiliwa kutoka karibu mita 10, ghorofa ya tatu hivi. Ukiwa na 100 ni karibu mita 40. Sasa weka meko ya kilo 6 kwa hiyo hesabu, na hiyo 6 ni gesi tu, chuma bado hujapima.

Na si lazima kitu ikupate kichwa. Mimi huogopa zaidi ile chupa ya maji inazunguka kwa miguu ya dere. Ikiingia chini ya pedali, unakanyaga plastiki na ndai inaendelea na safari. Kizima moto nayo watu hununua juu ya karao. Siku ya msako iko mkononi, siku zingine imejibingirisha chini ya siti kama paka.

Dawa si doo mob. Vitu nzito ziende chini kabisa kwa buti, ziguse mgongo wa siti ya nyuma. Kama hakuna mse amekaa huko, funga mikanda ya nyuma hata hivyo, inasaidia siti kushikilia mzigo ikisukuma. Halafu tafuta blada, ile raba ya tyubu wasee wa boda hufungia kila kitu, kutoka kitanda hadi mbuzi. Hao ndio maprofesa: mtu anapita matuta na kreti za mayai na hakuna yai inalia. Sisi wenye milango nne tunadhani mlango ni kamba. Juu ya dashibodi, upande wa abiria, usiweke kitu. Hapo ndio eabegi hutokea, na itakurushia hiyo kitu usoni.

Huko Kimende beshte alikuwa anacheka hadi machozi, mikono mbili bado zimeshika dashibodi. Nikacheki mkanda wake. Alikuwa ameufunga nyuma ya mgongo, ndio ile kengele inyamaze.

"Kabichi ina kilo mbili," nikamwambia. "Wewe una ngapi?"

Akaacha kucheka. Akauvuta mkanda mbele, pole pole. Kabichi nayo tukaipea siti ya nyuma, tukaifunga wake.